Mafuta ya Mwani: Ahadi Inayofufuka Kila Bei ya Pipa Inapopanda

Mwaka 1978, Wamarekani wakiwa bado wanakumbuka foleni za petroli za 1973, serikali ya Rais Jimmy Carter ilitenga fedha za kutafiti namna ya kupata dizeli kutokana na mwani. Huu si ule mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Ni jamaa yake wa mbali, kiumbe mwenye chembe moja tu, anayeonekana kwa macho pale anapojazana mamilioni kwa mamilioni na kuyageuza maji ya bwawa kuwa ya kijani.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Wajerumani Richard Harder na Hans von Witsch walilipendekeza mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto na mafuta yakiwa adimu. Mvuto wake unaeleweka. Mwani hauhitaji shamba lenye rutuba, aina nyingi hustawi kwenye maji ya chumvi yasiyofaa kunywa wala kumwagilia, na nyingine huongezeka maradufu kwa siku moja. Chakula chake ni jua, mbolea na hewa ya ukaa, ileile inayofuka viwandani.

Kwa miaka 18 mradi huo, ulioongozwa na maabara ya nishati iliyopo Golden, Colorado, ulikusanya zaidi ya aina 3,000 za mwani, zikachujwa hadi zikabaki kama 300. Kule Roswell, New Mexico, yalijengwa mabwawa ya kina kifupi yenye ukubwa wa mita za mraba 1,000 kila moja, na magurudumu ya kuyazungusha maji. Hapo ndipo wanasayansi walipoonja ugumu wa kilimo. Baridi ya usiku wa jangwani iliudumaza mwani, na aina bora zilizotoka maabara zilizidiwa nguvu na mwani wa kienyeji ulioingia bwawani wenyewe.

Kikwazo kingine kilikuwa ndani ya mwani. Ukishiba naitrojeni hukua haraka, lakini hauweki mafuta mengi. Ukinyimwa naitrojeni hujaza mafuta, ila hudumaa. Mkulima huvuna ama mwani mwingi uliokonda, au mwani mnono lakini haba. Ili kuukata mzizi wa tatizo hili, watafiti waligeukia uhandisi jeni. Katikati ya miaka ya 1990 walifanikiwa kupandikiza jeni za ziada kwenye mwani uitwao Cyclotella cryptica. Kimeng'enya cha kutengeneza mafuta walichokusudia kukiongeza kiliongezeka kweli. Mafuta hayakuongezeka.

Mwaka 1996 mradi ulifungwa, ukiwa umetumia takriban dola milioni 25. Mafuta ya kuchimba yalikuwa bei poa, na hata makadirio yenye matumaini makubwa yalionyesha kuwa dizeli ya mwani ingegharimu mara mbili ya ile ya kawaida. Mkusanyiko wa mwani ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwani hai hutaka kulishwa: kila baada ya muda sampuli lazima ihamishiwe kwenye maji mapya yenye virutubisho, la sivyo hufa. Fedha zilipokauka, aina nyingi zilipotea, na jasho la miaka likapotea nazo.

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, na mwani ukakumbukwa. Mwaka uliofuata ExxonMobil na Synthetic Genomics, kampuni ya mwanasayansi Craig Venter, walitangaza mpango ambao ungeweza kugharimu dola milioni 600. Safari hii sayansi ilipiga hatua ya kweli. Mwaka 2017 walitangaza kwamba, kwa kupunguza nguvu ya jeni moja katika mwani aina ya Nannochloropsis gaditana, mafuta yalipanda kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40 bila ukuaji kuzorota sana. Mwaka 2018 wakaweka lengo la kuwa na uwezo wa kuzalisha mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025. Mapema 2023 habari zikatoka kwamba ExxonMobil imejitoa.

Jeni moja haiwezi kuifuta hesabu ya bwawa zima. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikadiria kwamba kupata lita bilioni 39 za mafuta ya mwani, karibu asilimia 5 tu ya mahitaji ya usafiri nchini humo, kungehitaji tani milioni 6 hadi 15 za naitrojeni na tani milioni 1 hadi 2 za fosforasi, kama virutubisho havitumiki upya. Hizo ni mbolea ambazo mkulima wa mahindi naye anazihitaji.

Hofu ya mwani uliobadilishwa jeni kutoroka bwawani nayo ina msingi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na kampuni ya Sapphire Energy walifanya jaribio la kwanza la nje lililoidhinishwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, wakaweka vyombo vya maji ya ziwa kuzunguka mabwawa yao. Mwani uliobadilishwa ulivifikia vyombo hivyo, ingawa haukuushinda mwani wa asili. Ni habari ya kutia moyo, lakini jaribio lilichukua siku 50 tu. Mashamba ya kibiashara yangekaa miaka, kwenye upepo, ndege na mafuriko.

Wimbi hilohilo la miaka ya mafuta ghali lilitufikia sisi kwa jina la mbono (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta. Januari 2009 ndege ya Continental ilijaribiwa Houston kwa mchanganyiko uliokuwa na mafuta ya mbono na ya mwani. Huku kwetu Tanzania, wanavijiji wa Kisarawe na Kilwa walitoa ardhi kwa wawekezaji wa mbono, miradi ikafa, na malalamiko juu ya ardhi yakabaki.

Hata hivyo, utafiti wa mwani unastahili kuendelea, ukigharamiwa kwa subira isiyofuata kupanda na kushuka kwa pipa. Na mwekezaji yeyote atakayekuja na mwani wa maabara aulizwe kabla ya kupewa ekari moja: maji na fosforasi vitatoka wapi, bwawa likifurika mwani utaishia wapi, na bei ya mafuta ikianguka nani atairudisha ardhi katika hali yake. Asiye na majibu ya maandishi asipewe ardhi.