Taa wa madoa ya buluu: je, anafugika nyumbani?

Kila tukizungumzia uvuvi hewani, kuna msikilizaji anayeuliza: ni kweli kuna watu wanaofuga taa ndani ya nyumba? Ni kweli. Hatusemi taa ya kuwasha, bali samaki bapa mwenye mkia mrefu na mwiba wa sumu, ambaye wengine humwita nyenga. Marekani na Ulaya wapo wanaomweka katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Hapa tunaeleza kazi hiyo inahitaji nini, na kwa nini mara nyingi huishia kwa samaki kufa.

Ni taa yupi?

Anayewavutia wengi kwa uzuri ni taa wa madoa ya buluu, kwa jina la kisayansi Taeniura lymma. Anapatikana katika bahari yetu ya Kenya na Tanzania, na pia Bahari ya Shamu hadi magharibi mwa Pasifiki. Upana wa mwili wake hufikia sentimita 35 hivi. Maji yakikupwa hujificha chini ya matumbawe. Yakijaa, hupanda kwenye mchanga wa maji mafupi kutafuta kaa, kamba na minyoo. Hana mifupa migumu, ana gegedu kama papa. Hatagi mayai, huzaa.

Pamoja na uzuri huo, ni mgumu kufuga. Wengi hukataa kula baada ya kukamatwa, wakadhoofika na kufa. Ndiyo maana wafugaji wazoefu humchagua taa wa njano wa bahari ya Karibi, ambaye huvumilia tangi vizuri zaidi.

Tangi na mchanga

Taa huhitaji nafasi ya chini kuliko kina, kwa sababu huishi sakafuni. Tangi la urefu wa sentimita 180, upana 90 na kimo 60 hubeba karibu lita 970 za maji. Uzito wake unakaribia tani moja, hivyo meza ya kawaida haiwezi kulibeba. Chini huwekwa mchanga laini ili ajifukie. Kokoto na mawe makali humchubua tumbo. Hita ya kupasha maji lazima izungushiwe kinga, maana taa hulala juu yake akaungua.

Maji na chumvi

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi hilo basi linataka kilo 34 hivi za chumvi ya tangi la bahari. Chumvi ya mezani haifai, kwani haina madini mengine ya bahari kwa kiwango kinachohitajika. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27.

Hatari kubwa haionekani kwa macho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha naitrati yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka, hivyo taa haingizwi siku tangi linapojazwa. Tena, sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Ukibadilisha lita 150, hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20, na zaidi ya kilo tano za chumvi.

Dawa zenye shaba, ambazo hutumika kutibu samaki wengine, zinaweza kumuua taa.

Umeme ukikatika

Pampu ndiyo inayoingiza hewa majini. Ikisimama, hewa hupungua na bakteria wa kichujio huanza kufa. Mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, bila jenereta au betri ya akiba, taa anaweza kufa usiku mmoja.

Mwiba

Taa hakimbilii kuchoma. Huchoma akikanyagwa au akishikwa. Ukichomwa, iwe tangini au ufukweni, toka majini. Ukijeruhiwa mguuni au mkononi, tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, usije ukaungua. Kisha nenda kituo cha afya, jeraha lisafishwe na uulize chanjo ya pepopunda. Mwiba ukiingia kifuani, shingoni au tumboni, usiuchomoe. Kimbilia hospitali mara moja.

Unapotembea kwenye maji mafupi, buruza miguu mchangani. Taa akisikia mtikisiko hukupisha.

Ushauri wetu

Kwa msikilizaji asiye na umeme wa uhakika, maji ya kutosha na fedha za chumvi kila mwezi, taa wa tangini ni mzigo kwake na mateso kwa samaki. Ukitaka kuanza, anza na samaki wadogo wa maji baridi, ujifunze kutunza maji. Na kabla ya kumkamata au kumuuza samaki wa mapambo kutoka baharini, uliza ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe kuhusu kibali. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, uvuvi hauruhusiwi kabisa. Huko taa hutazamwa, hachukuliwi.