Komedi ya Msiba

Kwenye maduka ya kuingiza muvi kwenye flashi, Moshi kama kwingine Tanzania, kazi hupangwa kwa makundi ambayo mteja hahitaji kuelezwa: za ngumi, za vita, za mapenzi, za kutisha, vichekesho. Filamu ya Martin McDonagh ya mwaka 2012, Seven Psychopaths, haina pa kuwekwa. Marty, mwandishi wa skripti anayeishi Los Angeles, amekwama: ana jina la filamu anayotaka kuiandika, hadithi hana. Rafiki yake Billy huiba mbwa wa watu, kisha mwenzake Hans huwarudisha kwa wenyewe na kupokea zawadi. Siku moja wanaiba kijibwa cha jambazi anayekipenda kuliko binadamu yeyote. Kuanzia hapo damu inamwagika, na mtazamaji anacheka. Iweke kwenye vichekesho, mzazi aliyeichukua kwa ajili ya watoto atarudi amekasirika. Iweke kwenye ngumi, mpenzi wa ngumi atalalamika kwamba hawa watu wanaongea mno.

Wafaransa waliipa aina hii jina la rangi. Mwaka 1940 André Breton alichapisha mkusanyiko wa maandishi yanayochekea kifo na ukatili, na jina alilolitumia, ucheshi mweusi, likaenea duniani. Ndipo baadhi ya waandishi wetu wakaandika komedi nyeusi.

Neno hilo linapotosha. Nyeusi ikiwekwa mbele ya msomaji wa Kiswahili, kitu cha kwanza anachokiona ni watu. Hadithi ya Ken Walibora iitwayo "Damu Nyeusi" inamhusu mwanafunzi Mwafrika anayekumbana na ubaguzi Marekani, na hakuna msomaji aliyehitaji kufafanuliwa jina lake. Kwa mantiki hiyohiyo, komedi nyeusi ni vichekesho vya watu weusi. Kichekesho cha giza nacho hakisaidii, kwa sababu giza letu ni la ujinga, au la umeme uliokatika. Walioiita black market soko la magendo, kwa kazi yake, wakaiacha rangi ya Waingereza, walifanya jambo la busara.

Wataalamu wa fasihi wana maneno mengine. Mchezo wa huzuni wanauita tanzia, neno ambalo hadi leo ni taarifa ya kifo, ile inayosomwa redioni ikitaja marehemu, wafiwa na siku ya maziko. Mchezo wa kuchekesha ni ramsa au futuhi, na mchanganyiko wa viwili hivyo ni tanzia-ramsa. Istilahi hii ya mwisho ni nzuri, ila si ya filamu ya McDonagh. Katika tanzia-ramsa huzuni na furaha hupokezana: unalia hapa, unacheka pale. Katika aina tunayoitafutia jina, kinachochekesha ndicho hichohicho kinacholiza.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa mwandishi mwingine aliyekwama. Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi ya Harry, mwandishi aliyepoteza miaka yake bila kuandika aliyotaka kuyaandika. Amechomwa mwiba, kidonda kimeoza, gari limeharibika, na anakufa nyikani akiwaza mlima huo. Hadithi inatanguliza mzoga wa chui karibu na kilele, na Hemingway hakuubuni: mmisionari wa Kilutheri, Richard Reusch, alimkuta chui aliyeganda kule juu mwaka 1926. Hiyo ni tanzia. Hollywood walipoitengenezea filamu mwaka 1952, na Gregory Peck akawa Harry, walimponya. McDonagh hakumwua mwandishi wake wala hakumwonea huruma. Alimzungushia maiti na kutufanya tucheke.

Na kucheka mbele ya maiti, Kilimanjaro wanakujua. Wachaga na Wapare ni watani, na utani wao haukomei getini kwenye msiba. Watanzania wengi wamesikia kipimo cha Mchaga aliyefariki: dondosha sarafu karibu na sikio lake, asiposhtuka, chimbeni kaburi. Mchaga naye hujibu kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharimie kesi ya kuku. Ndani ya daladala huo ni mzaha tu. Lakini mfikirie mtani anayeingia kihambani, turubai limefungwa kati ya migomba, watu wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki. Anapita kwenye meza ya daftari la rambirambi, anatoa sarafu ya shilingi mia, anaidondosha mezani, kisha anatega sikio upande wa jeneza. Kimya. "Basi ni kweli," anasema, "ndugu yangu ameondoka." Mjane aliyelia tangu alfajiri anacheka, machozi bado yanamshuka, na hakuna anayemkemea.

Desturi hii ni ya jamii nyingi nchini. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika miaka ya 1940. Yapo makabila ambayo mtani hushuka kaburini akalala humo, asitoke mpaka alipwe. Katika filamu ya McDonagh, Billy anawasimulia wenzake jinsi hadithi inavyopaswa kumalizika: mapigano ya risasi makaburini. Mtu aliyewahi kumwona mtani kaburini hatapata shida kuielewa filamu hiyo.

Hata hivyo haifai kuiita aina hii ya filamu utani wa msiba. Utani ni haki ya mtu fulani kwa mtu fulani. Asiye mtani akiidondosha ile sarafu atatolewa msibani kwa aibu. Mtazamaji wa filamu hana undugu wa namna hiyo na maiti za Los Angeles. Kinachofaa ni komedi ya msiba. Komedi tayari ni neno la watu, tangu enzi za Ze Komedi kwenye runinga. Msiba nao hauishii kwenye maziko: ni balaa lolote, ajali, mauaji, hasara, yaani yote yanayomkuta Marty na rafiki zake. Wahariri wa kurasa za filamu na wenye maduka ya muvi waanze kuliandika jina hilo.