Mfalme Aliyepiga Hodi Mjini Mwake

Watoto wa wakubwa wa Yerusalemu walikuwa wakicheza kufinyana mikono kwa kucha. Kila aliyefinywa alipiga kelele, isipokuwa Baldwin, mwana wa Mfalme Amalric, aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Mwalimu wake, William, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Tiro, alidhani mtoto ana moyo wa subira. Alipomwita na kumchunguza, akaona mkono wa kulia umekufa ganzi. Kisa hicho alikiandika mwenyewe katika historia yake ya ufalme wa Yerusalemu.

Ulikuwa ukoma, maradhi yanayoshambulia mishipa ya fahamu. Waganga walimkanda na kumpaka dawa, lakini wapi! Mkono ule haukutegemewa tena, kwa hiyo alifundishwa kumwongoza farasi kwa kumbana na magoti.

Amalric alifariki Julai 1174, na Baldwin akavikwa taji akiwa na miaka 13. Mwaka huohuo Salahuddin, aliyekwisha kuishika Misri, aliingia Damasko. Ufalme ulioanzishwa na wapiganaji wa msalaba mwaka 1099 sasa ulikabiliwa na adui mmoja kusini na mashariki. Ukoma nao ulijidhihirisha wazi kijana alipobalehe. Wakoma wengine wa Yerusalemu walikaa nje ya ukuta, chini ya uangalizi wa shirika la Mtakatifu Lazaro. Baldwin alibaki kwenye kiti chake.

Tarehe 25 Novemba 1177, huko Montgisard, aliwashtukiza askari wa Salahuddin waliokuwa wametawanyika kutafuta nyara. Baldwin alikuwa na miaka 16 na mamia machache tu ya mashujaa wapanda farasi. Salahuddin mwenyewe aliponea chupuchupu, akarudi Misri na masalia ya jeshi lake.

Lakini shida kubwa ya Baldwin haikuwa vitani. Mkoma hakutarajiwa kuoa wala kuzaa, hivyo taji lingemfuata dada yake Sibylla, na yeyote atakayemwoa angeweza kuwa mfalme. Kila bwana mkubwa alipiga hesabu zake. Mwaka 1180 Sibylla aliolewa na Guy wa Lusignan, mgeni kutoka Ufaransa ambaye wengi hawakumtaka.

Kufikia 1183 Baldwin alikuwa amepofuka, na mikono na miguu haikumtii. Akamkabidhi Guy uendeshaji wa nchi, yeye akabaki na mji wa Yerusalemu. Salahuddin alipovamia Galilaya, Guy alikusanya jeshi kubwa lakini hakupigana, na wakubwa wakanung'unika. Kisha mfalme akaomba wabadilishane, yeye apewe Tiro na Guy achukue Yerusalemu. Guy alikataa. Baldwin akamvua madaraka, na Novemba mwaka huo akamvika taji mpwa wake, mtoto wa Sibylla wa ndoa ya kwanza, aliyekuwa na miaka mitano hivi. Siku hizohizo habari zikaja kwamba Salahuddin ameizingira ngome ya Kerak. Mfalme akabebwa kwa machela pamoja na jeshi lake, na Salahuddin akaondoka kabla hawajafika.

Guy alijifungia Ascalon, mji uliokuwa mikononi mwake, akakaidi kila mwito. Basi Baldwin akamfuata. Alikuta milango imefungwa. Kipofu yule, kwa mkono wake uliolika, akagonga na kuamuru afunguliwe, huku wenyeji wakimtazama kutoka juu ya kuta na minara. Hakuna aliyethubutu kumfungulia. Akageuza njia kwenda Jaffa, akapokewa.

Alifariki mwaka 1185, kabla ya kutimiza miaka 25, akazikwa katika Kanisa la Kaburi Takatifu. Mpwa wake alimfuata kaburini mwaka uliofuata. Sibylla akatawazwa malkia, na kwa mkono wake mwenyewe akamvika taji mumewe Guy. Julai 1187 Guy aliliongoza jeshi la ufalme hadi Hattin, likaangamizwa naye akatekwa. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, Yerusalemu ilisalimu amri kwa Salahuddin.