Ufafanuzi: Trakteri imetengenezwa upya na inapumua moshi. Je, motere imeharibika?

Mbele ya mvua kuanza, mwenye trakteri hapa Kamina hana siku za kupoteza. Motere imefunguliwa, imewekwa pistoni na segima mupya, imefungwa, inawaka muzuri. Lakini pembeni, kwa kile kibomba cha kupumulia, moshi unatoka. Mekanisie anasema ni rodaji tu. Jirani anasema wamekuibia. Nani wa kuamini?

Kosa hapa ni la bei kali. Ukifungua tena motere yenye iko nzima, unapoteza segima na unaanza kungoja vipande vingine kutoka Lubumbashi. Ukiiacha motere mbovu ifanye kazi, itakusimamisha katikati ya shamba.

Moshi unatoka wapi?

Mazutu inapowaka juu ya pistoni, inasukuma kwa nguvu sana. Segima, zile pete za chuma zenye kuzunguka pistoni, zinafunga njia ili nguvu isipite chini. Lakini hakuna segima inayofunga yote. Gazi kidogo inashuka kwa karteri, fasi mafuta ya motere inakaa, kisha inatokea kwa kibomba cha kupumulia. Hata motere mupya ya kiwanda inafanya hivyo.

Motere iliyotoka kutengenezwa inapumua zaidi, sababu segima na shemizi, ule mutungi wa pistoni, havijazoeana. Kwa hiyo usiulize kama inatoa moshi ao hapana. Uliza kama moshi unapunguka ao unaongezeka.

Namna ya kupima

Usihukumu asubui motere ikiwa baridi. Mvuke mweupe wa maji unaweza kutoka na kuisha kisha motere kupata moto. Fanya trakteri kazi kwanza, ndipo uangalie.

Watu wengi wanafungua kifuniko cha mafuta, wanakigeuza na kukiweka juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka tu, si kitu. Kikirushwa, ni alama ya kuuliza, lakini haitoshi kwa hukumu: kifuniko chepesi kinaruka upesi kuliko kizito.

Kipimo chenye kusaidia zaidi ni mufuko wa plastiki. Funga kifuniko cha mafuta na urudishe kijiti cha kupimia fasi yake. Motere ikiwa na moto, kwa mwendo uleule kila mara, funga mufuko mutupu kwa kibomba cha kupumulia, kisha hesabu sekunde mpaka ujae. Uondoe mara moja, maana ukiuacha gazi itasukuma mafuta kwa viungo. Chunga mikono mbali na feni, mukanda na bomba la moshi. Andika sekunde kwa daftari, na urudilie kila kisha masaa 10 ya kazi, na mufuko uleule.

Sekunde zikiongezeka, gazi inapunguka: segima zinakaa fasi yake. Zikibakia palepale kisha masaa 50 hivi, ao zikipunguka, kuna shida.

Alama zingine za kuunganisha

Motere mbaya haisemi kwa kibomba peke yake. Angalia kama mafuta inashuka kila siku, kama moshi wa bluu unatoka kwa bomba kubwa trakteri ikivuta jembe, kama kijiti cha mafuta kinasukumwa inje, kama kuwasha asubui ni kwa taabu, kama nguvu ni kidogo. Mekanisie mwenye kipimo cha kompresio apime silinda zote. Moja ikiwa chini sana kuliko zingine, umepata fasi ya kutafuta.

Lakini mafuta ikivuja kila fasi na moshi ni kidogo, angalia kwanza kama kibomba cha kupumulia kimezibwa na matope ao viota vya wadudu. Kama motere iko na turbo, nayo ikichoka inaweza kuingiza gazi kwa karteri. Na mafuta ikigeuka kama maziwa, ni maji yameingia, si segima.

Nini inaharibu kazi mupya?

Muulize mekanisie bila kugombana. Shemizi zilikwaruzwa upya, ili segima zipate fasi ya kushika? Zilisafishwa kwa maji ya moto na sabuni kisha kukwaruza? Segima zilipimwa ndani ya shemizi mbele ya kuzifunga? Kwa kawaida, pengo la segima linakadiriwa milimita 0.3 mpaka 0.4 kwa kila milimita 100 za upana wa silinda, lakini kitabu cha motere ndicho kinaamua. Perkins AD3.152 ya Massey Ferguson 135, kwa mfano, ina silinda za milimita 91.4. Alama ya juu ya segima iliangalia juu? Na mapengo yalitawanywa, yasifwatane kwa mustari mumoja?

Kisha kuna makosa ya mwenye trakteri. La kwanza ni kuacha motere mupya iwake bure masaa mengi, ati inapumzika. Segima zinahitaji kazi ya kadiri ili zisukumwe kwa shemizi. Bila kazi, shemizi inakuwa laini kama kioo na mafuta inapanda. La pili ni vumbi. Filtri ya hewa iliyotoboka ao bomba lake lililolegea linaingiza muchanga wa kiangazi, na segima mupya zinakwisha mbele ya musimu kuisha.

Kwa hiyo, sikilizana na mekanisie tangu siku ya kwanza: mutapima pamoja, mutaandika pamoja, na sehemu ya mwisho ya malipo itangoja masaa 50 ya shamba. Daftari yenye sekunde zilizoandikwa inamaliza mabishano kuliko maneno ya jirani.