Injini nyingine, gari lile lile

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali nazo. Nataka tuzungumzie injini za magari, na swali lenyewe ni hili: gari likiwa limechoka injini, pistoni zimelegea, moshi wa buluu unatoka nyuma na oili inaliwa kama maji, unalitupa gari au unatupa injini?

Pale Kinna, kaunti ya Isiolo, jibu linajulikana. Unatafuta injini. Gari ndilo linalopeleka mbuzi sokoni, ndilo linaloleta unga na sukari, na usiku ndilo linalompandisha mgonjwa milima ya Nyambene hadi Maua. Bodi ikiwa na kutu na viti vimechanika, hiyo si sababu ya kulistaafisha. Wengi husema ni umaskini tu. Mimi sikubaliani nao. Ni mazoea yenye historia, na yaliwezekana kwa sababu magari fulani yaliundwa kwa namna fulani.

Turudi nyuma. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Lilikuwa gari la mkulima: chesisi ya chuma kama ngazi, bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Injini yake ya lita 1.6 haikubuniwa kwa ajili yake, iliazimwa kutoka kwa gari dogo la kifahari la Rover. Yaani tangu siku ya kwanza injini ya Land Rover ilikuwa mgeni ndani ya nyumba. Wanaoandika programu wananielewa: sehemu mbili zilizotengenezwa mbalimbali, zikakubaliana tu mahali pa kukutania.

Magari hayo yalifika kaskazini mwa Kenya mapema. Isiolo ilikuwa kituo cha serikali ya kikoloni kuelekea wilaya za kaskazini, na ndiko alikokaa George Adamson, mlinzi wa wanyama, aliyezunguka nchi hiyo kwa Land Rover. Simba wake Elsa, aliyekufa 1961, amezikwa katika eneo ambalo sasa ni Mbuga ya Kitaifa ya Meru, jirani kabisa na Kinna. Dunia inamkumbuka simba. Fundi wa gereji anaikumbuka zaidi ile gari.

Mwaka 1958 ilikuja Series II, na baada yake injini ya petroli ya lita 2.25. Ilikuwa ngumu, ilisamehe matope na petroli chafu, lakini ilikunywa vibaya sana. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, injini ya namna hiyo ikawa mzigo, na huko ambako kituo cha mafuta ni cha safari nzima ikawa mzigo mara mbili. Land Rover ya dizeli ilikuwepo, ila haikuwa na nguvu.

Hapa Kenya mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. Leyland Kenya ilianza kuunganisha magari Thika mnamo 1976, Land Rover zikiwemo. Na General Motors Kenya, iliyoanzishwa 1975, ikaanza kuunganisha malori na pikapu za Isuzu jijini Nairobi (kampuni hiyo imeitwa Isuzu East Africa tangu 2017). Kwa hiyo nchi ikajaa chesisi za Kiingereza zenye injini zenye kiu, na pembeni yake injini za dizeli za Kijapani ambazo kila fundi alishazifungua. Nani angeshindwa kujumlisha hapo?

Wala si ujanja wa jua kali peke yake. Jeshi la Australia liliagiza Land Rover zilizofungwa injini ya dizeli ya Isuzu, lita 3.9, kutoka kiwandani kabisa. Hizo ndizo zinazoitwa Perentie, nazo zilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo ninapofurahia. Mtu akisema "nimebadilisha injini" unadhani ni kutoa na kuweka. Sivyo. Mashimo ya bolti za Isuzu hayalingani na mdomo wa giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo lazima kuchongwe sahani nene ya chuma ya kuviunganisha viwili hivyo. Kwa programu tungesema ni kiunganishi kati ya mifumo miwili isiyojuana. Ikikosewa kwa upana wa unywele, shafti ya giaboksi haikai katikati na klachi inakufa mapema. Kisha maunti zichomelewe upya, sampu ya oili isigonge ekseli ya mbele, rejeta itoshe, na bomba la moshi lipate njia.

Halafu kuna mtego ambao wengi hawaufikirii: breki. Kama gari lina msaada wa breki, kwenye injini ya petroli msaada huo hupata nguvu kutokana na injini kufyonza hewa. Injini ya dizeli haifyonzi namna hiyo. Ukiifunga ukasahau, gari linawaka vizuri, linavuta vizuri, na kwenye mteremko wa kwanza kutoka Maua breki inakuwa ngumu kama jiwe. Ndiyo maana dizeli nyingi za Isuzu na Toyota zina pampu ndogo ya kufyonza hewa nyuma ya alteneta, na fundi mwenye akili hanunui injini iliyovuliwa alteneta yake. Sisi tunaita hayo utegemezi uliofichika: unabadilisha moduli moja, kinachoharibika ni kingine ambacho hakikutajwa popote.

Na bado. Ukiongeza nguvu mbele, udhaifu unahamia nyuma. Ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zilijulikana kwa kukatika hata kwa injini yake ya kawaida, seuze kwa dizeli inayovuta zaidi.

Injini zenyewe zinatoka wapi? Nyingi ni Japani. Kule gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Wenye magari huyaacha yangali na afya, yanakatwa, na injini inasafiri kwa meli hadi Mombasa na kisha maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Linganisha na kuagiza gari zima: lisizidi umri wa miaka 8, ulipe ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, kila kimoja kikihesabiwa juu ya kilichotangulia. Gari ambalo tayari lina namba za Kenya halina kikomo hicho cha umri.

Usisahau logibuku. Ina namba ya chesisi na namba ya injini. Kwa mtu wa hifadhidata, chesisi ndiyo ufunguo mkuu, injini ni safu tu inayoweza kuhaririwa. Lakini lazima ihaririwe: mabadiliko huandikishwa NTSA, la sivyo siku ya kuuza, au siku askari akifungua boneti, wewe ndiye utakayeeleza kwa nini namba hazifanani.

Basi, kilichonisukuma kuandika ni kwamba mlango huu unafungwa, na unafungwa na watu wa kazi yangu. Injini ya Toyota 1HZ, iliyotoka 1990, lita 4.2 na silinda 6, haihitaji kompyuta kuwaka. Land Rover ilileta Td5 mwaka 1998, na hiyo bila kompyuta haiwaki. Magari mengi ya leo yanataka injini, kompyuta yake, waya zake na hata ufunguo wake vitoke gari moja, kwa sababu programu inakagua kama inamjua mwenzake. Chuma kinaingia, bolti zinakubali, na gari linakataa kwa sababu ya nambari ya siri ambayo mwenye gari hakupewa.

Kuna njia nyingine inayojaribiwa. Kampuni ya Opibus, iliyoanza Nairobi mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, imewahi kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kufunga mota za umeme. Kwa gari la kambi linalorudi mahali pale pale kila jioni, naona inafaa sana. Kwa gari la Kinna lenye mbuzi nyuma na umeme wa kuchaji haujulikani utapatikana wapi, bado.

Kwa sasa mnunuzi wa Kinna akiletewa magari mawili ya mitumba, jipya lenye skrini na kuukuu lenye 1HZ, anafungua boneti kwanza na kuuliza lina kompyuta ngapi.