Makaburi ya Katedrali ya Amani

Ndugu wapendwa, na ninyi mapadri wageni wetu, sisi wa Mumosho hatuwezi kusimulia jubile yetu bila kutaja tarehe 29 Oktoba 1996. Siku ile Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, wa Shirika la Yesu, aliuawa huko Nyawera, mjini Bukavu. Wakubwa wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Yeye alibaki na watu wake. Alishuka garini, msalaba mkononi. Zilibaki siku tatu tu kufikia sikukuu ya Watakatifu Wote.

Alizikwa kwenye Katedrali ya Mama Yetu wa Amani. Amani gani, tuliulizana, katika mji uliojaa risasi? Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alihamishwa kwa nguvu mpaka Butembo mwezi wa Februari 2000. Alirudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba. Naye amelala pale pale.

Hatusemi kwamba mbingu hufuta deni la duniani: wawili hao walidai haki kwanza. Lakini tunapofika makaburini pao tunasema nao kama wazee waliotangulia kufika nyumbani, na kila mmoja wetu huwatajia majina ya marehemu wake.