Lugha ya Ishara ya Martha's Vineyard na Tatizo la Ushahidi

Lugha za ishara za visiwani aghalabu huelezwa kama tunda la damu: watu wachache huoana wao kwa wao, uziwi wa kurithi huenea, kisha lugha huzuka. Historia ya Martha's Vineyard, kisiwa cha pwani ya Massachusetts, Marekani, inaonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi.

Jonathan Lambert, aliyekuwa kiziwi, alihamia kisiwani humo mwaka 1694, na wawili kati ya watoto wake saba walikuwa viziwi. Kufikia karne ya 19, katika mji wa Chilmark, mtu 1 kati ya 25 alikuwa kiziwi, ilhali katika Marekani kwa jumla uwiano ulikuwa 1 kati ya watu 5,700 hivi. Lakini uziwi peke yake hauzai lugha. Lugha hii ilikomazwa na majirani wenye kusikia, walioijua tangu utotoni. Wavuvi waliitumia kuwasiliana wakiwa katika mashua zilizo mbalimbali. Hata pasipokuwa na kiziwi, msimulizi aliweza kuanza kisa kwa mdomo na kukimalizia kwa mikono. Sisi tunaoipima fasihi simulizi kwa kigezo cha mdomo, kisa hicho tutakiweka katika utanzu gani?

Kuhusu usuli, Nora Ellen Groce katika kitabu chake cha 1985 anaihusisha lugha hiyo na Kent, Uingereza, walikotoka mababu wa wakazi wengi. Miongoni mwa ushahidi wake ni shajara ya Samuel Pepys ya 1666, inayomtaja mvulana kiziwi akizungumza kwa ishara na George Downing, aliyedhaniwa kulelewa Kent. Kwa maoni yetu, uzi huo ni mwembamba mno kubeba nasaba ya lugha nzima.

Shule ya viziwi ilipofunguliwa Hartford mwaka 1817, vijana wa kisiwani walianza kwenda kusoma bara. Wengi walioa au kuolewa huko, na uziwi ukapungua. Kiziwi wa mwisho wa ukoo huo alifariki mwaka 1952. Groce alipofika zaidi ya miaka ishirini baadaye, aliwategemea wazee wenye kusikia. Viziwi wenyewe hakuwakuta.

Huko Bali, Indonesia, Kata Kolok ya kijiji cha Bengkala ilizuka bila shule. Haina tahajia ya vidole, na saa huonyeshwa kwa kuelekeza mkono lilipo jua. Wasemaji wake viziwi wangalipo, nao wamerekodiwa kwa video.